Nilivyomdanganya mhadhiri mpya kuhusu maji ya mlima

Wakuu, salaam. Haya yalinipata mwenyewe hapa Kisii na sijatia chumvi. Mtanisema, na nastahili.

Mimi ni mwalimu wa part-time chuoni, upande wa kilimo cha bustani. Miaka sita naomba ajira ya kudumu.

Mwaka jana wakaleta mhadhiri mpya kutoka Nairobi, landscape architect, yaani mbunifu wa bustani na mandhari, mzaliwa wa Magwagwa huku kwetu. Tumwite Dkt. Moraa. Akapewa kazi ya kudumu, ofisi yenye dirisha, na jina mlangoni.

Wivu ulinila, wakuu. Dean akicheka naye, mimi chai inanishinda kumeza. Hata gumboots zake zilinikera.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa bustani ya mfano, mteremkoni nyuma ya madarasa. Siku moja akaniita huko.

"Mwalimu, mvua ikinyesha sana, maji hupita wapi hapa?"

Nilijua vizuri. Waliolima hapo kabla ya chuo walipanda mstari wa nyasi za napier kuzuia maji ya mlima. Na napier hiyo ndiyo alitaka kuondoa apitishe vijia vya mawe.

Nikamwambia, "Hapa pako sawa, Daktari. Ng'oa tu."

Aking'oa, akatandika mawe ya vijia na kupanda maua. Sabato iliyofuata niliombea mvua kanisani, kwa sauti. Wakulima wa chai wakaitikia amina kwa nguvu. Hawakujua naomba nini.

Mvua ikaja. Asubuhi maua yote yalikuwa barabarani na mawe yamefika lango la chini. Nikaenda kutoa pole, moyoni nasherehekea.

Moraa alikuwa amesimama kwa matope. Hakunilaumu. Akanieleza kwamba alishaandikia kamati ya ajira ya chuo kuwa bustani ni yetu wawili, akaomba niajiriwe kwa kudumu kuisimamia. Kamati ilikuwa inakuja kuikagua Jumatatu.

"Niliweka jina lako kwanza," akasema. "Wewe ndio unajua hii mlima."



Kamati ilikuja, ikaona matope, ikaenda zake. Bado mimi ni part-time.

Nilichojifunza ni kwamba kazi niliyomwonea wivu mwenzangu, yeye alikuwa ananitafutia, na mimi ndiye niliyeifukuza.

Juzi tumerudisha napier pamoja. Akaniuliza tena kama hapo sasa pako sawa. Nikasema ndiyo, akaandika kwa daftari bila hata kuniangalia usoni, jinsi anavyoniamini.

Sijamwambia ukweli. Wakuu, mngekuwa nyinyi mngeanzia wapi? Matusi pia napokea.