Wa Mwisho wa Raundi ya Kwanza

Onésime Numbi, mzaliwa wa Likasi kule Kongo, alikuwa akifua mashuka ya hospitali huko Jette, Ulaya, lakini ukimuuliza kazi yake angekuambia ni kupima watu kwa macho. Kila Juni alinunua gazeti la michezo asome jinsi timu za Marekani zilivyochagua vijana wa mpira wa kikapu kwa zamu. Nani kawa wa kwanza, hakujali hata kidogo. Alimtafuta wa mwisho wa raundi ya kwanza, yule ambaye wakubwa wote wamempita wakikimbilia urefu.

Imani hiyo aliipeleka mtaa wa jirani, Ganshoren, kwenye kombe la kikapu ambalo Wakongo walilishindania kila mwaka baada ya misa. Pale manahodha sita walichagua wachezaji kwa zamu, mmoja mmoja, mbele ya watu wote, na palikuwa na desturi: shemeji yako humwachi asimame aaibike. Basi raundi ya kwanza yote ililiwa na heshima. Wakaitwa kina tonton, wajomba wenye vitambi, mwimbishaji wa kwaya, mkwe wa fulani. Onésime aliomba mwenyewe awe wa mwisho, akaokota mchezaji wa kweli. Alikuwa amekwisha kuwachungua harusini na matangani: anayepitisha sahani bila kumwaga mchuzi, huyo ana mikono. Kombe lilikaa juu ya televisheni yake mpaka wageni wakachoka kuliona. "Mwenye macho haambiwi tazama," alisema, na kwa kweli alikuwa akiringa kupita kiasi.

Mwaka wa 1996, Modeste, fundi magari wa Molenbeek na mmoja wa manahodha, alikuwa amechoka kushindwa. Zamu yake ilikuja kabla tu ya ile ya Onésime. Akaiweka heshima mfukoni, akamruka shemeji yake, akamwita Guylain, kijana mkimya wa Bukavu ambaye Onésime alikuwa akimvizia tangu Pasaka. Shemeji akanuna, watu wakaguna.

"Alors, papa Onésime?" Modeste alicheka. "Kamata wako!"

Onésime akawatazama waliobaki. Aliwajua wote, na hakumtaka hata mmoja. Akikosea leo, sifa yake yote inakwenda na maji.

Macho yakamkimbilia kwenye meza za chakula. Thérèse, mke wake, alikuwa akigawa machungwa. Binti yao Ornella akaita kutoka ng'ambo ya uwanja, na Thérèse, bila hata kugeuka vizuri, akamrushia chungwa juu ya vichwa vya watu. Likatua kiganjani. La pili akalirusha kwa mkono wa kushoto, likatua palepale. Onésime akakumbuka: shule ya masista, Likasi, timu ya kikapu ya wasichana. Aliambiwa hayo wakati wa uchumba, akaitikia tu "mhm".

"Bon," alisema. "Miye nakamata maman Thérèse."

Watu wakageuka kumtazama Thérèse. Hakuna nahodha aliyewahi kumwita mke wa mtu, wala wake mwenyewe. Wote walidhani kutowaita ndiyo heshima. Thérèse akapangusa mikono. Akafungua taratibu kikwembe alichojifunga kiunoni, na chini yake alikuwa amevaa suruali ya michezo, imepauka kwa kufuliwa. Kina mama wakapiga vigelegele.

"Uliivala saa ngapi?" Onésime aliuliza.

"Kila mwaka minakuyaka nayo chini ya kikwembe, papa Ornella," alisema, akimpokonya mpira aliokuwa ameushika. "Weye ulikuwa unaangaliaka wapi?"

Mpima watu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamfuata mkewe uwanjani.