Matanga ya Ekipe ya Mpira

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa nguo mjini Kisangani. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja, na asubuhi tatu kwa juma niliifunika kwa kitambaa nikaenda kumfundisha Kiswahili pasta wa Kimarekani. Alinichagua mimi, Mwislamu, kwa sababu mtu alimwambia kwamba Kiswahili cha familia zetu, zilizotokana na wafanyabiashara wa zamani, ndicho kilichonyooka. Sijui kama ni kweli. Nyumbani tulisema "batu" kama kila mtu mjini, lakini kitabu chake kilitaka "watu", na mimi nilikifuata kitabu.

Alikuwa mtu mrefu, wa miaka kama thelathini na mitano, mwenye bidii. Desturi yetu ilikuwa kwamba anisimulie habari yoyote bila kutazama kitabu, nami nimsahihishe mwishoni. Habari zake nyingi zilitoka kwa kaka yake mkubwa, aliyemwandikia kutoka Amerika mara moja kwa mwezi. Barua ilikuja kwa ndege mpaka uwanja wa Simi-Simi, na siku ilipofika, somo lote lilikuwa barua hiyo.

Barua zenyewe zilikuwa za mpira tu. Mwanzoni nilifurahi, maana mpira niliujua. Sisi wa ng'ambo hii tulikuwa na ekipe yetu, yaani timu, watu wa Lubunga, ng'ambo ya pili, walikuwa na yao, na siku ya kukutana mitumbwi ilivuka mto imejaa watu wanaotukanana tangu majini. Lakini mpira wa pasta ulinishinda. Aliuita mpira wa miguu, kisha akasema wanaushika kwa mikono. Nilipomsahihisha, alikataa. Alichukua papai mezani, akalibana kwapani, akakimbia kutoka kwenye meza mpaka mlangoni, akaniambia nimwangushe. Sikumwangusha. Mkewe alikuja akalichukua papai lake.

Nilichofaulu kuelewa ni kwamba kulikuwa na ekipe mbili za watu wanaolipwa mshahara kwa kucheza, za miji miwili isiyo mbali. Pasta alipenda ile ya mji walikozaliwa yeye na kaka yake. Kaka yake alikuwa amehamia mji wa pili kwa ajili ya kazi, akaoa huko, akaanza kuipenda ekipe ya huko. Ekipe hizo zilikutana kila mwaka, na ndugu hawa wakabishana kwa barua miezi sita kabla na miezi sita baada.

"Kaka yangu ni adui yangu," aliniambia akicheka. Nikamwambia neno hilo ni zito. Akasema ndilo analolitaka.

Asubuhi moja ya mvua nilimkuta amekaa na barua mbele yake, chai imepoa. Nikamwuliza habari za kaka. Alitafuta maneno kwa muda mrefu.

"Ekipe ya kaka yangu imekufa," akasema.

Nikamwuliza, yote? Akasema yote. Nikamwuliza ni watu wangapi. Akafikiri, akajibu kwamba ni thelathini na zaidi. Nikawaza ndege zinazopita juu ya mapaa yetu zikienda kutua Simi-Simi, nikaona wazi kwamba vijana wale wameanguka na ndege. Nikauliza kama kaka mwenyewe yu hai. Akasema yu hai, ila moyo wake ni mbaya sana. Siku hiyo sikumsahihisha kitu. Nilimpa pole nikaondoka mapema.

Mke wangu aliponisikia aliacha kupepeta mchele. Nilimwambia kwamba Wazungu wana namna yao ya kuomboleza na labda hawataki wageni. Hakukubali.

"Mutu akifiwa tunaenda," akasema. "Muzungu pia iko mutu."

Jumamosi alichinja kuku wake, yule aliyekuwa anataga, akapika na wali, akafunga kitambaa cheusi kichwani. Tulitembea mpaka misheni mimi nikibeba sufuria, ambalo si jambo la kawaida kwangu, lakini yeye alikuwa akifunga upya kitambaa chake kila hatua chache. Hakuwa amewahi kuingia katika uwanja wa nyumba ya Mzungu.

Madamu, mke wa pasta, alikuwa anamwagilia maua, na alikuwa anaimba. Mke wangu alinitazama. Mimi nilitazama sufuria. Basi yeye akafanya kama inavyopasa: alivua viatu, akaketi chini kwenye baraza, akaanza kulia. Madamu aliangusha ndoo, akakimbia kumkumbatia, akaniuliza kwa Kifaransa ni mtoto wetu yupi aliyekufa. Nikamjibu kwamba watoto wetu ni wazima, ni yeye aliyefiwa.

"Mimi?" akauliza, naye uso ukambadilika.

Pasta akatoka ndani kwa kelele hizo. Nikamwambia tumekuja kwa ajili ya matanga. Neno hilo hakulijua, nikamweleza. Akauliza nani amekufa.

"Ekipe ya kaka yako."

Alikaa kwenye ngazi. Kisha akaeleza, kwa Kiswahili na Kifaransa na mikono, mpaka jasho likamtoka. Hakuna aliyekufa. Mwenye ekipe alitaka kuipeleka mji mwingine, mbali sana, safari ya siku kadhaa kwa treni. Alikusudia kusema "itakufa". Nikamwuliza, basi vijana watakufa baadaye? Akasema hapana, watacheza kama kawaida, katika mji mpya na labda kwa jina jipya, na hakuna ajuaye kama watakutana tena na ekipe anayoipenda yeye.

Nilijaribu kupima jambo hilo kwa kitu ninachokijua. Nikamwuliza: watu wa Lubunga wakipakiwa kwenye boti wakashushwa mbali huko Yangambi, wakacheza huko, sisi tutamshinda nani? Akasema hilo ndilo swali ambalo kaka yake aliliandika.

Mke wangu alikuwa akitufuata kwa macho. "Maiti haiko?" akaniuliza. Nikamwambia haiko. "Na kuku yangu?"

Pasta alielewa. Sikumwona akicheka. Alimwomba mkewe alete sahani, tukala wote wanne pale barazani, yeye akila kwa mkono na kumwaga wali magotini. Katikati ya chakula akasema, bila kumtazama yeyote:

"Tangu tulipomzika baba, mimi na kaka tunaandikiana mpira tu. Mpira ukiisha, ataniandikia nini?"

Njiani mke wangu aliniuliza kama tulifanya vema au vibaya kwenda. Wafu hawakuwapo, lakini nilikuwa nimewaona watu walivyokula, nao walikula kama watu wa matanga.

Barua zikakatika. Somo likawa gumu, maana siku moja pasta alisema ekipe zitakutana bado, siku ya pili akasema hazitakutana, na siku ya tatu akasema hata ile anayoipenda yeye haina maana tena bila ya kuwa na wa kushindana naye. Nilisahihisha maneno tu. Habari yenyewe sikuweza kuisahihisha.

Baada ya miezi minne, siku chache kabla ya misheni kumhamishia kituo kingine upande wa Yangambi, alikuja mwenyewe mpaka kwenye cherehani yangu na barua mkononi. Kaka ameandika. Nikauliza habari za ekipe. Akasema barua nzima haina neno moja la mpira. Ilikuwa inahusu nyumba ya wazazi wao, ambayo paa lake linavuja, na kaka anauliza walitengeneze au waiuze.

"Je, ni habari nzuri au mbaya?" akaniuliza.

Nilimwambia sijui, lakini paa likivuja mtu hujibu upesi. Alikaa kwenye kigoda cha wateja wangu, akaomba kalamu, akaandika mpaka Mgiriki akafunga duka.