Kijani Kinachong'ang'ania Fimbo

Nilitoka Tanga kwa sababu ya maneno mawili aliyoniletea dereva wa lori la alizeti kutoka kwa mjomba wangu Msengi: "Vifaranga wanakufa." Ni vifaranga wa perege. Mjomba aliwachimbia bwawa kando ya Ziwa Kitangiri kwa maelekezo yangu mimi, mtu wa kwanza wa ukoo wetu kupata diploma ya uvuvi, niliyojilipia kwa kupakua samaki forodhani. Bwawa hilo likifa, jina langu nalo lingekufa pale kijijini.

Singida mjini niliteremka asubuhi. Nilipoondoka zamani rafu za maduka zilikuwa tupu. Sasa ni enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa, na rafu zimejaa sabuni na mitumba. Nilinunua viroba vitupu kwa Mhindi ambaye zamani niliuza maandazi mlangoni pake. Alinitazama viatu, akasema, "Umekuwa bwana mkubwa." Sikumbishia.

Kuanzia Iguguno nilikaa mbele kwa dereva wa lori, na hadi Kiomboi abiria wote walishajua kazi yangu. Kutoka hapo nikateremka bondeni kwa baiskeli ya kukodi.

Ziwani nilimkuta mjomba amesimama kwenye ukingo wa bwawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Tazama mwenyewe."

Maji yalikuwa kama yamemwagiwa rangi ya kijani ya kupaka nyumba. Vifaranga walihema juujuu, wengine wameshageuza matumbo. Na mfereji wa kutoka ziwani ulikuwa wazi kabisa.

"Nimeufungua wote," alisema mjomba. "Si ulinifundisha maji ya kijani ni chakula cha samaki?"

Jirani yake Mkumbo, aliyekuwa akiswaga ndama kwenda kunywa ziwani, akacheka. "Hiyo ni diploma ya maji ya chumvi. Karatasi yake kafungie karanga."

Nilichomfundisha mjomba kilikuwa sahihi, ila kijani si kimoja. Nilichukua fimbo ya Mkumbo mkononi mwake, nikaichovya na kuitoa. Ilivaa utando mzito, unanuka.

"Kijani cha chakula hakigandi kwenye fimbo. Hiki kinang'ang'ania kama rangi. Hiki ni sumu. Tanga niliona maji ya bahari yamegeuka mekundu kwa sumu kama hii, chaza wachanga wakafa wote kwenye kamba walizofugiwa."

"Chaza ndio nini?" aliuliza Mkumbo.

"Mnyama wa baharini, anaishi katikati ya magamba mawili. Hana pa kukimbilia. Akifungua gamba ale, anameza sumu."

"Na mnamla?"

"Wakubwa walipona, lakini tulikataza wasiliwe. Sumu ilikuwa ndani yao. Wavuvi wakakunja nyavu, kina mama wanaofuga chaza wakaanza upya."

Mkumbo akatema mate. "Heri mboga yetu ya mlenda."

Tuliziba mfereji kwa viroba vya mchanga. Tukachota utando, tukatoa nusu ya maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga mbali. Kisha tukalijaza bwawa kwa maji ya kisima ambacho wafugaji walichimba kwenye mchanga wa korongo, ndoo ikipita mkono kwa mkono. Niliwaagiza wamwage maji kutoka juu ili yaingie na hewa. Mjomba hakuacha kuchota mpaka vifaranga walipoacha kuhema juujuu, wakarudi ndani ya maji. Ndipo akaketi chini.

"Wamebaki wa kutosha kuanza," alisema. "Kesho usiondoke kabla watu hawajakuona."

Nami sikuondoka. Nilipita kijiji kizima, polepole, na viatu vyangu.

Siku ya kurudi, nilipokuwa nikifunga mzigo kwenye baiskeli, Mkumbo alikuja na ndama wake nyuma yake. Ameshika fimbo ileile, imelowa maji ya ziwa, ya kijani mpaka katikati. Aliinyoosha puani pangu bila kunisalimu.

"Hii ni chakula au ni rangi?"

"Rangi."

Akaifuta kwenye majani, akageuza ndama wote kuelekea kisimani.

Nilipanda mlima wa Kiomboi nikisukuma baiskeli. Nimejifunza kwamba bahari na ziwa letu huua kwa namna moja, wachanga kwanza, na kwamba diploma yangu inafanya kazi hata penye maji baridi.