Waliokuja Kutupa Pole Hopkins

Kila nikipita penye harufu ya ndizi mbivu, naikumbuka nyumba yetu ya kupanga ya Hopkins, magharibi ya Minneapolis, katika majira ya mwisho tuliyokaa humo. Si kwamba tulikula ndizi nyingi. Harufu ilitoka kwenye maboksi matupu ya ndizi ambayo baba aliyaomba katika duka kubwa alikopanga bidhaa usiku, yale maboksi magumu yenye matundu ya kushikia pembeni. Aliyaleta mawili mawili akirudi alfajiri, akayarundika chumbani kwangu, na mama akawa anayajaza taratibu: vyombo, mashuka, vitabu. Nje theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na maji yalidondoka kutoka mapaani mchana kutwa. Mimi nililala katikati ya harufu ile kama aliyelala ghalani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimekatazwa kabisa kumwambia mtu yeyote kwamba tunahamia Ureno.

Huenda ukajiuliza kwa nini safari halali iwe siri. Nieleze. Wazazi wangu ni watu wa Mombasa, na katika nyumba nyingi za kwetu safari haitangazwi. Unasema mizigo ikiwa mlangoni, na wapo wanaosema wakiwa wameshafika. Hatuwashuku majirani. Ni tabia tu tuliyokuzwa nayo, kwamba jambo jema lisizungumzwe kabla halijatimia, lisije likapatwa na kijicho. Kwa hiyo kabati letu lilipouzwa, tulinyamaza. Kochi lilipobebwa na Wakongo wa ghorofa ya chini, tulinyamaza pia.

Sababu ya kuhama haikuwa siri kwetu ndani. Baba alikuwa na kazi mbili, ya usiku dukani na ya mchana kwenye ghala la vifurushi, na zote mbili ziliishia kwenye kodi ya nyumba, bima na gari la kumpeleka kwenye kazi hizo hizo. Nilimjua baba zaidi kwa koti lake lililoning'inia mlangoni: likiwapo, tembea kwa ncha za vidole, amelala. Mama alikuwa mkalimani wa simu. Alikaa mezani amevaa vipokea sauti, daktari upande mmoja akisema Kiingereza, mgonjwa upande wa pili akisema Kiswahili, naye katikati akimweleza kila mmoja kwa upole, hata mara tatu ikibidi. Siku moja aligundua kwamba kazi ile haijali ameketi nchi gani. Akatafuta mwaka mzima, akauliza watu, akasoma sheria, mpaka akapata mji mdogo kaskazini mwa Ureno ambako pato lake peke yake lingetosha kutulisha na kutulaza. Kazini kwake wakamkubalia. Viza zikatoka.

Aliyebaki na moyo mzito ni baba. Alikuwa amekubali, lakini kukubali kwake kulikuwa kama mlango usiofungika vizuri. "Watu watasema nini?" alimuuliza mama jikoni, wakidhani sisikii. "Ulimwengu mzima unataka kuingia Amerika, mimi natoka. Watasema nimeshindwa." Mama akamjibu, "Waache waseme tukiwa tumeshafika." Nikaelewa kwamba siri ile haikuwa ya kijicho peke yake. Mama aliogopa kwamba mtu mmoja akimwambia baba neno la kumvunja, safari imekwisha, na koti litaendelea kuning'inia pale pale.

Jumapili moja alasiri, baba akiwa na siku yake ya mapumziko, kengele ililia. Mlangoni walisimama wanawake sita wa Kiswahili tuliozoeana nao, na waume wawili watatu nyuma yao. Mbele yao alikuwa Bi Rukia wa Apple Valley, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, ambaye hakuna harusi wala msiba wa watu wa Pwani uliopita bila yeye kushika usukani. Siku hiyo sauti yake ilikuwa chini. Walivua viatu kimya kimya. Walikuwa na chupa za chai, sinia la mahamri, sufuria la mbaazi za nazi, na mmoja alikuwa amekunja mkeka kwapani. Wakautandika sebuleni, mahali palipokuwa na kochi, wakaketi.

Mama aliwatazama, rangi ikamtoka. Wanawake wa kwetu wakija hivyo bila kualikwa, na chai yao na mkeka wao, huja kwa jambo moja tu.

"Pole, Mama Nasra," Bi Rukia alisema, akimshika mkono. "Tumesikia."

"Mmesikia nini?" Mama alipiga magoti. "Ni mama? Niambieni, ni mama yangu?"

"Mama yako ana nini?"

"Si nyinyi mmekuja kunipa pole!"

"Mamako mzima, astaghfirullah! Nilimpigia juzi, akanigombeza nusu saa." Bi Rukia alivuta pumzi. "Pole ya nyumba, mwanangu. Tumesikia mnafukuzwa. Vitu vinatoka kimoja kimoja, nyinyi hamsemi. Mtu anafukuzwa mjini humu na ndugu zake tupo?"

Mama alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Kabla hajajieleza, Bi Rukia alikuwa ameshapanga kila kitu. Kwake Apple Valley ghorofa ya chini ilikuwa tupu, ina choo chake na jiko lake. Tungekaa hata miaka miwili, hakuna wa kutuuliza. Mumewe angemtafutia baba kazi bora zaidi. Ndipo nilipoona mambo yanaharibika, maana wema ule ulikuwa mkubwa, na baba alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akiusikiliza. Mama akasema wazi: hatufukuzwi, tunahamia Ureno, kwa hiari yetu.

"Ureno?" mmoja aliguna. "Kuna nini Ureno?"

"Usiniambie mimi," Bi Rukia alimwambia mama, akamgeukia baba. "Baba Nasra, wewe sema. Mtu hatoki Amerika kwa hiari. Umeshindwa? Sema, si aibu, sisi wako."

Neno lenyewe lilikuwa limetamkwa, mbele ya watu. Mama aliinamisha uso. Baba akanitazama mimi.

"Nasra, mwanangu. Mara ya mwisho mimi na wewe tulikula chakula sahani moja ni lini?"

Nilifikiri kweli kweli, maana nilitaka kumpa jibu zuri. "Idi," nikasema. Na Idi ilikuwa imepita zamani.

"Sikufukuzwa, Bi Rukia, wala sikushindwa," baba alisema. "Kazi naiweza. Nimechoka kuwa mgeni wa mtoto wangu. Ghorofa yako Mungu akulipe, lakini nikihamia huko bado nitakuwa kazini usiku na mchana. Naondoka kwa miguu yangu, na mkeo wangu huyu ndiye aliyenionyesha njia."

"Mkeo wangu!" mwanamke mmoja alicheka. "Kwa furaha hata kusema hajui tena!" Wote wakaangua kicheko, baba pia.

Bi Rukia alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Basi mmetukosesha pilau," akasema, sauti yake ya kuamuru imerudi. "Mbaazi ni chakula cha kuagia mtu? Maboksi yako wapi?" Wakavamia chumba changu. Wakafungua kila boksi na kulipanga upya, wakimsimanga aliyefunga sufuria bila gazeti, na baba akakiri kuwa ni yeye. Walipomaliza, mmoja alipiga kigelegele kilichowatoa majirani milangoni. Tuliondoka Minnesota kwa kigelegele.

Haikuwa rahisi, sitakudanganya. Mwaka wa kwanza baba aliongea Kireno kama anayetafuna mawe, na mimi nililia kwa kuwakosa wenzangu. Lakini alipata kazi katika karakana ya milango, kazi ya mchana tu, na mama akipokea simu zake jioni, baba ndiye aliyepika.

Leo mimi ni mtu mzima na nimerudi Minnesota. Nakaa Oakdale, nasomea uuguzi. Vijana wenzangu hunijia faraghani wakinong'ona kwamba wanafikiria kuhamia mahali pa nafuu, na wanaona haya. Huwaambia wakae, niwaeleze kwa utaratibu, kwa kuwa hakuna cha kuonea haya. Kisha huwaeleza kuhusu mdogo wangu, aliyezaliwa kule. Wiki iliyopita nilimpigia simu, nikamuuliza baba yupo? Alishangaa swali. "Yupo," akasema, "atakuwa wapi tena?"