Alama Moja Asiyoisoma Arbia

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, taa nyekundu inawaka juu ya mlango wa studio ya Redio Gurmad mjini Garissa. Arbia Gelle anavua saa ya mkononi ili isigonge meza, anasogeza maikrofoni, kisha anafungua daftari lenye jalada la samawati.

Anasoma kwa Kisomali kwanza, halafu kwa Kiswahili. Kondoo watatu wenye vichwa vyeusi wameonekana nyuma ya shule. Punda amepotea. Kisha anafika kwa tangazo alilolisoma kila siku kwa siku kumi na tisa sasa.

"Ngamia jike, rangi ya mchanga. Sikio la kulia limekatwa ncha. Shingoni, upande wa kushoto, ana mistari miwili ya moto. Ana alama moja nyingine. Aliyemwona apige simu stesheni."

Hiyo alama nyingine haisomi. Kwa zaidi ya miaka kumi, kila mnyama anayemtangaza hubaki na alama moja ambayo Arbia haitaji hewani.

Kipindi hiki cha dakika ishirini kinaitwa Baadi, neno la Kisomali la mnyama aliyepotea. Umri wake unakaribia ule wa stesheni yenyewe. Kuanzia mwezi ujao huenda kisiwepo.

Redio Gurmad ilianzishwa mwaka 2008 na marehemu Mahat Olow, muuzaji wa vipuri, katika chumba kimoja juu ya duka lake. Kuta zilifunikwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie. Tangazo la kwanza la biashara lilikuwa la matairi yake mwenyewe. Joto lilipozidi, mitambo ilizimwa kuanzia saa saba mchana, na wasikilizaji wakasubiri hadi saa kumi.

Arbia, mjane mwenye watoto watatu, aliajiriwa mwaka huohuo kufagia na kupika chai kwa shilingi elfu tatu kwa mwezi. Asubuhi moja msomaji wa matangazo hakufika. Mahat akamwita kutoka jikoni. Alijua kwamba mama huyo alikulia kwa wafugaji wa Balambala na anazijua alama za moto ambazo kila ukoo huwawekea ngamia wake.

Kisomali hakikumpa shida. Kiswahili ndicho kilichomtoa jasho, maana Mahat alitaka kila tangazo lirudiwe kwa ajili ya watu wa Madogo, ng'ambo ya daraja, na wafanyakazi wa ofisi waliotoka mbali.

"Nilikuwa siwezi kusema ile herufi ya kwanza ya punda," anakumbuka, akificha kicheko kwa ncha ya mtandio. "Nikasoma, 'Bunda moja kubwa imeokotwa sokoni, mwenyewe akuje stesheni.'"

Kabla ya saa tatu, watu kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni kwenye ngazi. Wote walikuwa wamepoteza bunda la noti. Mmoja aliapa kwamba lake ni la noti za mia mbili, limefungwa kwa mpira. Mwingine alikuja na shahidi. Mahat aliwashusha wote hadi nyuma ya duka, akawaonyesha punda aliyefungwa kwenye mlingoti, akauliza nani aanze.

"Watu walinitania mwaka mzima. Nikienda dukani, 'Mama Bunda, umeokota nini leo?' Lakini nilijifunza kitu. Ukisema jambo redioni, kuna mtu atasema ni lake. Basi usiseme yote."

Tangu siku hiyo huandika alama zote daftarini, kisha husoma zote isipokuwa moja. Anayedai mnyama, au anayesema amemwona, lazima aitaje hiyo moja.

Mahat alifariki miaka mitatu iliyopita. Meneja sasa ni mwanawe, Hanad, aliyesomea biashara Nairobi. Ana mishahara ya watu sita na jenereta inayokula dizeli. Mfanyabiashara mmoja anataka muda wa Baadi kwa muziki na matangazo yake.

"Eddo Arbia alinibeba mgongoni," anasema Hanad, akimwita shangazi kwa heshima. "Lakini redio lazima ilipe stima. Nilidhani picha kwenye mtandao zingefanya kazi ileile."

Akaanza kuweka picha kwenye ukurasa wa stesheni. Mwezi uliopita aliweka ya ngamia jike aliyeokotwa karibu na soko la mifugo. Baada ya siku mbili mtu alifika, akataja sikio na mistari ya shingoni, akatia saini jina la uongo, akaondoka na ngamia bila Hanad kumuuliza alama nyingine.

Siku nne baadaye Saynab Abdow alifika kutoka Balambala. Ngamia alikuwa wake. Lita saba za maziwa kwa siku ndizo zilizowalisha wajukuu wake watano na kuwanunulia unga.

"Yule mtu alisoma picha," anasema Saynab. "Picha ina upande mmoja. Ngamia ana pande mbili."

Hanad aliandikisha taarifa polisi. Kisha, bila kuweza kumtazama Arbia usoni, akampa hadi mwisho wa mwezi. Ngamia akipatikana kwa redio, atamwomba mfanyabiashara achukue saa nyingine. Asipopatikana, Baadi inafungwa. Zimebaki siku kumi na moja.

Arbia hajamaliza kufunga daftari simu inapolia. Ni Abdiwali, dalali wa ngamia katika soko la Griftu, Wajir. Ndugu yake aliyeko Garissa alirekodi tangazo na kumtumia. Anasema zizini kwake kuna ngamia jike aliyekatwa ncha ya sikio, na aliyemleta ametoweka tangu aanze kuulizwa maswali.

"Walaal, zunguka upande wa pili," Arbia anamwambia, akimwita ndugu. "Uniambie unaona nini."

"Huyu anapiga mateke, eddo."

"Zunguka polepole."

Inasikika sauti ya ngamia akiguna. Kisha Abdiwali anasema alichokiona. Arbia anamwomba arudie. Anarudia. Arbia anatia alama ya vema daftarini.

"Alhamdulillahi," anasema, kwa sauti ndogo sana.

Polisi wa Griftu wameombwa kumzuia ngamia huyo. Saynab ataondoka kesho na mpwa wake. Kwenye ujia, Hanad anasikika akimweleza mfanyabiashara kwenye simu kwamba saa moja na nusu ni bora zaidi, watu wakiwa wanakunywa chai.

Arbia sasa ana mpango. Amechora alama za koo katika madaftari manane na anataka kuyakamilisha kabla ya kustaafu. Hapingi picha. "Hanad aweke, lakini akate. Aonyeshe sikio tu."

Alipoombwa aitaje ile alama, walau kwa wasomaji wa gazeti, alitikisa kichwa.

"Hata gazeti linasomwa na wale watu kumi na mmoja," alisema.

Kesho saa kumi na mbili na dakika arobaini atamsoma tena ngamia yuleyule. "Mpaka Saynab ashike kamba kwa mkono wake, huyo bado ni baadi."