Maji Aliyonyimwa Mtoto wa Mhunzi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa kule Susuni, niliamini kabisa kwamba mguu wa mhunzi ukikanyaga chemchemi yetu, lazima mtu afe kabla ya mavuno. Bibi mzaa baba ndiye aliyenifundisha hivyo, na bibi hakuwa mtu wa kubishiwa.

Wahunzi walikaa bondeni peke yao, kwenye tope. Walikuwa Wakurya kama sisi, lugha moja, lakini hatukuoana nao wala kula nao. Majembe na mapanga yetu waliyafua wao, na bado ukinunua panga hukulipokea mkononi; mhunzi aliliweka chini, nawe ukaliokota. Chemchemi ilikuwa juu, kwetu. Wao walikunywa maji ya mto yaliyokwisha kuvurugwa na ng'ombe wetu. Kila masika watoto wao waliharisha, na sisi tukasema ni laana yao. Tulikuwa wajinga, tena wajinga wenye kiburi.

Mchana mmoja nilikuwa peke yangu chemchemini. Akaja Gati, binti wa mhunzi, rika langu, na dumu la lita tano. Akasimama mbali.

"Bhoke, nichotee. Mdogo wangu anaharisha tangu juzi. Mama anasema haya ya mtoni ndiyo yanamuua."

"Bibi atanichapa."

"Mimi sikanyagi. Chota wewe."

Nilimhurumia. Nilichota dumu likajaa, nikampelekea pale aliposimama. Hakuigusa chemchemi hata kwa kidole, hilo naapa.

Lakini shangazi alimwona akishuka na maji. Nikaitwa uani. Wanaume walikuwa wamesimama, bibi ameketi. Baba akauliza nani amempa maji. Niliitazama fimbo yake. Nikasema Gati amenisukuma, akaingia kwa miguu yote miwili, akachota mwenyewe.

"Mura, vijana wangu, mnasubiri nini?" bibi akawauliza wanaume.

Wakashuka mbio, sisi watoto nyuma yao. Walilipasua dumu kwanza. Baba yake Gati alitoka mikono juu, akisema, "Ndugu zangu, mtoto anaumwa." Wakampiga rungu mpaka akaanguka, wakamkata begani kwa panga alilolifua mwenyewe. Niliusikia mfupa. Nyumba ikatiwa moto. Mama yao akakimbia na mtoto mgongoni apande kwenda zahanati, maana njia ni hiyo moja, inapita kwetu. Vijana wakamponda mawe. Akageuka, damu zikimtoka sikioni, akarudi bondeni.

"Bhoke, waambie!" Gati alinipigia kelele. "Waambie!"

Nilirudi nyuma, nikajificha kati ya watoto wenzangu.

Mtoto alikufa asubuhi ya pili yake, kwa kuharisha tu. Baba yake alipona, ila mkono haukuinua nyundo tena.

"Si nilisema mtu atakufa?" bibi aliuliza, na kijiji kizima kikaitikia. Kwa miaka mingi kifo kile kilikuwa ushahidi wao.

Sasa naishi mjini, Nyamisangura, nina watoto watatu. Wote wamewahi kuharisha. Zahanati iko hatua chache, maji ya bomba yako uani, nawachanganyia chumvi na sukari, kesho yake wanagombania mpira. Kila wakipona nashukuru, kisha nakasirika. Mtoto yule hakuuawa na laana. Aliuawa na mahali tulipowalazimisha wazazi wake kuishi, na mawe yetu, na mdomo wangu.

Bibi nimemsamehe, kwa sababu aliamini alichokisema. Mimi niliujua ukweli. Jioni ile alinikatia nyama ya mbuzi, sehemu ya wakubwa, akanisifu mbele ya ukoo kwamba nimelinda maji yao. Moshi ulikuwa bado unapanda kutoka bondeni. Nilikula, nikaomba nyingine.