Shimo la Fingo

Jumatano, saa moja na dakika ishirini asubuhi kwa saa yangu, ambayo haijapata kukimbia, jirani yangu wa hapa Ganda aliniita bandani kwake. Alikuwa amebakiwa na tetea mmoja tu, aliyeatamia mayai.

“Shikamoo, mzee. Wavu ni mpya, na jana nimezika fingo la mganga la kuwakinga kuku. Nguchiro kapita wapi?”

“Marahaba. Fingo umelizika wapi?”

Akaonyesha kwa kidole cha mguu: chini ya wavu, udongo ungali laini. Papo hapo nguchiro akachomoza shimoni humo, yai mdomoni, akatukagua, akaenda zake.

“Umemchimbia mlango, bwanangu,” akasema mkewe, akiliziba shimo kwa jifya la jikoni.

Wanaosema fingo lilishindwa na jini usiku wa manane wanakosea. Kulikuwa kumekucha, na fingo halikushindwa. Lilikuwa pale pale mlangoni, likimlinda apitaye.